Kipele Chini ya Kidevu cha Mfalme

3 Machi

Mheshimiwa Mzee Jalada,

Shikamoo. Hunijui. Jina lako hilo nimelitoa kwenye jarida la wakusanyaji, na kama ni la kuitwa na marafiki tu, naomba radhi. Mimi ni fundi wa eksirei katika hospitali ya mji wetu. Sikusanyi sarafu za kale wala katalogi za minada yake, vile vitabu vyenye orodha na picha za sarafu zinazouzwa. Anayekusanya katalogi ni baba yangu. Kazi yangu mimi ni kuziruka nikienda jikoni. Ziko mia tatu arobaini na saba: chini ya vitanda, juu ya kabati, na zile za zamani zaidi zimekaa kwenye kiti cha mama, ambacho tangu afariki hakuna mtu aliyekikalia.

Niende kwenye shida yangu. Miaka ishirini na miwili iliyopita baba alikuwa mtunza sarafu wa jumba la makumbusho. Walikuwa na sarafu moja ya dhahabu yenye kichwa cha mfalme, iliyonunuliwa mnadani kabla baba hajazaliwa. Siku moja wakaifananisha na picha yake katika katalogi ya mnada ule, namba 217. Kwenye picha mfalme ana kipele kidogo chini ya kidevu. Kwenye sarafu hana. Wakamuuliza mtaalamu mmoja wa nje, naye akaandika kwamba sarafu iliyomo kabatini si ile iliyouzwa mnadani. Ya kweli imeibwa, na hii ni bandia. Ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja, na aliyekuwa nao ni baba.

Hawakumfunga kwa kukosa ushahidi zaidi. Walimfukuza tu, na watu wa mtaani wakamalizia.

Sasa makumbusho wanaandaa maonyesho ya vitu bandia. Yanafunguliwa tarehe 14 Juni. Sarafu ile itawekwa ndani ya kioo, na kando yake kibao chenye jina la baba na habari za "mtunzaji aliyeibadilisha". Nimekiona kibao chenyewe. Bado ni karatasi, lakini herufi zimeshapangwa.

Baba anashikilia kwamba kile kipele si cha sarafu, ni cha picha. Mimi namwelewa. Kazini kila siku naona alama ambayo ipo kwenye picha na haipo kwa mgonjwa: kifungo cha shati, unywele, kidole changu mwenyewe. Katika jarida la miaka tisa iliyopita uliandika kwamba umeipata katalogi hiyo. Tumetafuta nyingine hatukuona. Tafadhali mzee wangu, tazama ukurasa wa picha wa tisa uniambie kama kwako nako kipele kipo.

Wako,
Binti wa Mtunza Sarafu


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nafuta vumbi, kazi ambayo haina mwisho kwa mtu mwenye karatasi nyingi kuliko ndugu. Jina la Mzee Jalada halinikeri hata kidogo. Nalionea fahari. Wenzangu walinipa kwa sababu sinunui katalogi iliyovuliwa nguo. Wajalidi wa zamani walikuwa na tabia mbaya: wanachukua katalogi kumi, wanang'oa majalada na kurasa za mwanzo zenye masharti ya mnada, wanatupa, halafu wanashona zilizobaki ziwe kitabu kimoja kinene cha kupendeza rafuni. Mimi kitu cha namna hiyo sikigusi. Katalogi bila jalada lake ni mtu aliyekuja harusini na shati la kulalia.

Sasa ombi lako. Nimetazama ukurasa wa tisa, namba 217, kwa lenzi yangu kubwa na kwa mwanga wa dirishani. Nasikitika kukuambia kwamba kipele kipo. Ni kilekile, mahali palepale, chini ya kidevu. Kwa hiyo si kasoro ya nakala moja.

Najua si jibu mlilolitaka. Mpe mzee wako salamu zangu, na umwambie mkusanyaji wa katalogi mia tatu arobaini na saba si mtu wa kudharauliwa.

Wako,
Mzee Jalada

Samahani kwa mwandiko. Mashine ya kuandikia imegoma tangu mwaka jana.


2 Aprili

Mheshimiwa Mzee Jalada,

Shikamoo, na asante kwa kutazama. Niliisoma barua yako kwenye kituo cha basi, nikakaa pale hadi mabasi mawili yakapita. Niliogopa kuipeleka nyumbani.

Baba alinishangaza. Aliishika bahasha muda mrefu kabla ya kuifungua, akaigeuzageuza kama anayekagua noti. Akasoma, akatabasamu, akasema, "Vizuri. Kipo na kwake." Nikamwambia, "Baba, hii ni habari mbaya." Akanijibu, "Wewe shughulika na mbavu za watu, sarafu niachie mimi." Halafu akaniambia nikuulize mambo mawili. Moja, nakala yako ina jalada lake la awali? Pili, kabla ya sarafu namba moja kuna kurasa ngapi, na zimeandikwa nini?

Mimi sijui yana maana gani. Lakini kwa mtu kama wewe najua jawabu halitakusumbua.

Kuna jambo jingine sikulisema mwanzoni. Baba ana miaka sabini na sita, na magoti yamekataa ngazi. Hata hivyo ameniambia siku ya ufunguzi atakwenda makumbusho na kusimama karibu na kioo kile, ili watu wasome kibao kisha wamtazame usoni. Nimemsihi asiende. Hasikii.

Wako,
Binti wa Mtunza Sarafu


20 Aprili

Binti,

Nakala yangu haina jalada. Inaanzia sarafu namba moja.

Kwa ushauri wangu, mwache mzee apumzike. Mambo ya zamani yana uchovu wake, na kipele mmeshaambiwa kipo. Mshawishi abaki nyumbani siku hiyo ya tarehe 14.

Mzee Jalada


28 Aprili

Mzee Jalada,

Shikamoo. Naiandika kwa adabu niliyofundishwa, lakini leo imenitoka kwa shida.

Barua yako ya Machi ninayo hapa mezani. Umesema katalogi bila jalada huigusi. Na hapa ninalo jarida la miaka tisa iliyopita, baba alikuwa amelihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Tangazo lako linasema hivi: "Nimeipata hatimaye! Kamili, jalada lake la kijivu, na kurasa nne za mwanzo zimo zote." Umeweka na alama ya mshangao.

Kwa hiyo umenidanganya. Ninachotaka kujua ni kwa nini. Hunijui, humjui baba, hatujakukosea chochote. Kama unadhani tunataka kuinunua kwa ujanja, sema. Kama unaogopa itapotea posta, nitaomba ruhusa kazini nije mwenyewe niisome mbele yako, nimevaa glavu, nikipumua kando.

Kwenye kurasa hizo nne kuna nini?

Binti wa Mtunza Sarafu


12 Mei

Mzee Jalada,

Wiki mbili, kimya. Nimeuliza posta mpaka yule mama wa dirishani akinionea mbali anatikisa kichwa.

Jana nilikwenda makumbusho kuwaomba wangoje kidogo. Mkuu wa maonyesho alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia haiwezekani. Kibao kimeshachongwa kwenye plastiki nyeupe. Akaniambia pia, kwa furaha, kwamba yule mtaalamu aliyeandika ile ripoti ndiye mgeni wa heshima. Atakuja kukata utepe. Sikutaka kusikia zaidi, nikaondoka bila kumuuliza jina lake.

Nilipomweleza baba, hakukasirika. Alisema tu, "Mwandikie Mzee Jalada umwambie hilo la utepe." Nikamuuliza linamhusu nini. Akasema, "Wewe andika."

Basi nimeandika. Zimebaki siku thelathini na tatu.

Binti wa Mtunza Sarafu


21 Mei

Mwanangu,

Kama bado unaniruhusu kukuita hivyo.

Ndani ya kifurushi hiki kuna katalogi. Jalada la kijivu, kurasa nne za mwanzo zimo zote. Nimeifunga kwa kitambaa kisha kadibodi. Sikuazimi, nakupa. Fungua ukurasa wa tatu, mstari wa sita kutoka chini. Imeandikwa hivi: "Picha zote zimepigwa kutokana na nakala za plasta, si sarafu zenyewe. Kasoro ndogo za plasta zisihesabiwe kuwa za sarafu."

Nikueleze kwa lugha nyepesi. Dhahabu ilikuwa inang'aa mno mbele ya kamera za wakati ule. Kwa hiyo watu wa mnada waliigandamiza sarafu kwenye nta, wakamimina plasta, ule uji mweupe wa kufungia mifupa iliyovunjika; ikikauka wakaipiga picha hiyo plasta. Nta ikibaki na kitobo kidogo, plasta inakijaza, na mfalme anaota kipele ambacho hakuwa nacho, katika kila nakala ya katalogi. Sarafu iliyomo makumbusho ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli siku zote. Hakuna aliyeiba kitu.

Ripoti ile niliiandika mimi.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na nilikuwa na haraka ya kujulikana. Sarafu yenyewe sikuishika. Walinitumia picha zake mbili na vipimo, pamoja na nakala yao ya katalogi ya mnada, ambayo mjalidi alikuwa ameshaikata kurasa za mwanzo. Uzito ulilingana. Nikaandika kwamba mwizi hodari huiga hata uzito. Niliipenda sana sentensi ile. Mambo ya plasta sisi wakusanyaji wa katalogi tunayajua; nilipaswa kuuliza kurasa za mwanzo ziko wapi, na sikuuliza.

Miaka tisa iliyopita nikaipata nakala kamili. Nilitangaza kwa mbwembwe kabla sijaisoma, ndiyo tabia yangu. Nilipofika ukurasa wa tatu nikaifunga, nikairudisha rafuni. Tangu hapo kila mwaka nimejiambia kwamba yule mtunzaji pengine ameshafariki. Nilitamani awe amefariki. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwako nimeshasema uongo wa kutosha.

Kisha ikaja barua yako, na mwaliko wa utepe ukiwa mezani pangu. Ulipouliza kuhusu kipele nilikujibu kweli nikajiona mtu mwema. Ulipouliza kuhusu jalada niliogopa.

Sisemi nisamehewe.

Aliyekuwa Mtaalamu


30 Mei

Kwako wewe,

Leo sikuamkii.

Kifurushi kilifika jana. Nilimsomea baba ule mstari. Akaniomba nirudie. Kisha akaniomba nimpe asome mwenyewe, akaweka kidole chini ya kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza, na akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama.

Kuhusu mama, nipigie hesabu, wewe ni mtu wa namba. Alifariki miaka saba iliyopita. Ukurasa huo umekuwa nao miaka tisa. Kwa miaka miwili mama yangu alikuwa hai, anakwenda sokoni alfajiri kabla wenzake hawajafika ili wasimnong'one, na wewe ulikuwa unaupangusa vumbi. Stempu moja tu ingetosha. Ningekuwa karibu yako leo sijui ningefanya nini.

Nimepeleka katalogi makumbusho. Mkuu wa maonyesho aliusoma ukurasa wa tatu mara mbili, kisha akasema karatasi peke yake haiwezi kufuta ripoti ya mtaalamu. Lazima aliyeiandika aje aikague sarafu mbele ya kamati na aifute kwa kinywa chake. Wamekubali kukutana tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi. Usipokuja, kibao kinawekwa kama kilivyo.

Kwa hiyo bado tuko mikononi mwako. Nalichukia jambo hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Binti yake


1 Juni

Bwana Mtaalamu,

Binti yangu amekuandikia kwa ukali, na ana haki. Mimi naandika kwa sababu kuna jambo yeye alikuwa halijui, nami nimelisema leo mezani akanisusia chai.

Ripoti yako ilichapwa kwa mashine, lakini pembeni ulisahihisha kwa mkono sehemu tatu. Nilionyeshwa siku ya kufukuzwa. Mkia wa herufi zako unarudi nyuma, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Bahasha yako ya kwanza ilipofika mwezi wa tatu, nilikutambua kabla sijaifungua. Kumbe Mzee Jalada ni wewe!

Plasta niliihisi tangu mwaka wa tatu baada ya kufukuzwa. Ndiyo maana nikaanza kukusanya. Katika katalogi zangu, sitini na moja ni za nyumba ileile ya mnada, na zote zina mstari ule. Lakini ni za miaka mingine, na makumbusho wakaniambia za miaka mingine si ushahidi. Ilibaki moja, nayo ilikuwa kwako. Ningeweza kumwambia binti yangu, "Huyo ndiye." Asingeandika barua, angepanda basi. Mimi nilitaka useme mwenyewe. Ndiyo maana nikauliza jalada, na ulipodanganya nikakuletea habari ya utepe. Nilikuwa na zana mbili tu, nikazitumia zote.

Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, na kwa umri wangu siahidi kitu nisichokijua. Lakini niliishika sarafu ile kwa miaka kumi na sita. Ninajua inavyokaa kiganjani, nzito upande wa kisogo cha mfalme. Wewe ulinihukumu kwa ajili yake na hujawahi kuigusa. Hilo limeniuma kuliko kufukuzwa.

Njoo tarehe 11. Uishike.

Mtunza Sarafu


5 Juni

Mzee mwenzangu,

Utepe nimeukataa. Nimekata tiketi ya basi, safari ya siku mbili. Nakuja.

Mtaalamu


23 Juni

Bwana Mtaalamu,

Miwani yako umeiacha kwetu. Imekutwa kati ya mto na mkono wa kiti.

Ulipoondoka hukuwa na hali ya kusimuliwa mambo, kwa hiyo nakusimulia sasa. Kibao kimeondolewa. Sarafu imerudishwa kwenye chumba chake cha zamani, na kadi yake mpya ina namba 217 na maneno mawili matatu ya plasta. Katalogi yako wameiweka chini yake, wazi ukurasa wa tatu, jalada lote likiwepo, usiwe na wasiwasi. Tarehe 14 nilikwenda kwenye maonyesho kama nilivyoapa. Kwa kuwa hakukuwa na kibao cha kusimama karibu nacho, nikazunguka nikitazama vitu bandia kama watu wengine. Vingine vimetengenezwa vizuri mno. Binti alinishika mkono kwenye ngazi, na mbele ya mlango tukakutana na mama mmoja wa sokoni aliyekuwa akimsema marehemu mke wangu. Alinisalimia yeye wa kwanza.

Nimekuwa nikiifikiria ile saa nne ya tarehe 11. Uliishika dakika nzima, ukiipima kiganjani. Kisha ukasema mbele ya wote, "Ni yenyewe. Nilikosea mimi." Maneno manne. Nimeyangoja miaka ishirini na miwili, na yalipokuja yalikuwa machache hivyo. Halafu ukanipa mimi niishike, nami nikahofu nitaiangusha.

Sasa habari ya kiti. Ulipofika kwetu baadaye kunywa chai ulikaa kwenye kiti cha dirishani. Kilikuwa kitupu kwa sababu katalogi zake tulikuwa tumezipeleka kwa kamati. Kile ni kiti cha mama yake binti. Hukujua, na sisi hatukukuambia. Ndiyo maana binti alitoka nje na hakurudi mpaka ulipoaga. Mimi nilitaka kukuinua. Nilifungua mdomo kabisa. Nikakuona unavyohema kwa zile ngazi zetu, nikaufunga.

Binti alisema miwani tuitume kwa posta, imeisha hiyo. Jana alibadilisha kauli. Amesema posta watavunja vioo, na kwamba mtu aliyeiacha ana miguu.

Basi iko hapa. Kile kiti kimerudishiwa katalogi zake. Ukija, tutakutafutia kingine.

Mtunza Sarafu